Nusu Kaputi, Mzio na Dakika Tano za Mwanzo

Mkazi wa Ukonga anayetaka kung'oa gego, kumtahiri mwanawe au kujifungua kwa upasuaji hana tena ulazima wa kuamkia foleni ya Muhimbili. Kivule kuna hospitali ya wilaya, Chanika kuna hospitali ya mama na mtoto, na kando ya Barabara ya Nyerere, kuanzia Majumba Sita hadi Gongo la Mboto, kliniki za meno na hospitali binafsi zimesogea hadi mlangoni pa watu. Hatua hiyo ni kheri kubwa, hasa kwa kina mama. Lakini huduma inaposogea, sindano za ganzi na za usingizi husogea nayo, na pamoja nazo husogea hatari moja ya nadra ambayo ikitokea haimsubiri mtu avuke Tazara na Buguruni ndipo afike Hospitali ya Amana: mwili kuikataa dawa ghafla, presha kuporomoka na njia ya hewa kubana, mgonjwa akiwa amelala mezani.

Mtaani jambo hili huelezwa kwa sentensi moja: "Alikuwa na aleji ya nusu kaputi." Familia huambiwa hivyo, msibani hurudiwa hivyo, na mazungumzo huishia hapo. Sentensi hiyo inastahili kuchunguzwa, kwa kuwa mara nyingi inakosea mahali pawili. Inaitupia lawama dawa ambayo huenda haihusiki kabisa. Tena inakifanya kifo kionekane kama jambo lisiloepukika, wakati mzio wa aina hii ukitambuliwa mapema na kutibiwa kwa dawa sahihi, wagonjwa walio wengi hupona.

Tukianza na mwili wenyewe: kinga iliyokwisha kujiandaa dhidi ya kitu fulani inapokutana nacho tena hufungulia kemikali nyingi kwa mkupuo, histamini ikiwamo. Mishipa ya damu hulegea na kuanza kuvuja. Zaidi ya theluthi moja ya majimaji ya damu inaweza kutoka nje ya mishipa ndani ya dakika kumi, kwa hiyo moyo unabaki ukipiga bila kitu cha kutosha cha kusukuma. Mapafu nayo hubana. Wafaransa Charles Richet na Paul Portier waliieleza hali hii mwaka 1902, baada ya kuwadunga mbwa sumu ya viumbe wa baharini: mbwa aliyevumilia dozi ya kwanza alikufa kwa dozi ndogo aliyopewa wiki kadhaa baadaye. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Wataalamu huiita anafilaksia, na funzo la mbwa wale bado lina uzito wodini: mtu aliyewahi kudungwa dawa bila shida hana hati ya usalama ya maisha.

Swali la dawa gani hasa inayosababisha haya lilipata jibu lililowashangaza wengi huko Uingereza. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Usingizi kilizitaka hospitali za umma nchi nzima ziripoti, kwa mwaka mmoja kuanzia Novemba 2015, kila tukio la mzio mkali wakati wa nusu kaputi au ganzi. Ripoti ilitoka mwaka 2018. Yalihakikiwa matukio 266, sawa na takriban tukio moja kwa kila wagonjwa 10,000 waliolazwa usingizi. Waliokufa walikuwa 10.

Karibu nusu ya matukio ambayo chanzo chake kilijulikana, asilimia 47, yalitokana na antibiotiki zinazotolewa ili kidonda kisioze. Dawa za kulegeza misuli zilichukua asilimia 33. Klorheksidini, ile dawa ya kusafishia ngozi kabla ya kisu, ilichukua asilimia 9, na rangi ya buluu inayotumika katika baadhi ya upasuaji wa saratani asilimia 5. Dawa zenyewe za kumlaza mtu, kama propofoli, zilionekana kwa nadra mno. Yaani ile "aleji ya nusu kaputi" kwa kiasi kikubwa ilikuwa aleji ya vitu vilivyoingia mwilini sambamba na nusu kaputi.

Takwimu hizo haziwezi kubandikwa Ukonga kama zilivyo. Vyumba vya upasuaji vya Afrika Mashariki vinategemea sana ketamini, dawa iliyobuniwa Marekani mwaka 1962, ambayo haizimi pumzi kirahisi na mzio wake ni wa nadra. Upasuaji mwingi wa uzazi hufanywa kwa sindano ya mgongo, mama akiwa macho, bila dawa yoyote ya kulegeza misuli. Antibiotiki nazo ni tofauti na za Waingereza. Hata hivyo jambo moja linafanana, nalo ndilo la kushikwa: Shirika la Afya Duniani linataka mama anayefanyiwa upasuaji apewe antibiotiki kabla ngozi haijachanwa, kwa hiyo sindano ya mgongo na sindano ya antibiotiki hukaribiana sana kwa wakati.

Hapo ndipo mtego ulipo. Sindano ya mgongo yenyewe hushusha presha, na kila mtaalamu wa usingizi analijua hilo na ameliandalia dawa. Presha ya mama ikishuka, wazo la kwanza ni mgongo. Humwongezea maji, humpa dawa ya kupandisha presha, humlaza kwa ubavu wa kushoto. Mara nyingi kabisa huwa amepatia. Lakini ikiwa presha haiitikii, mama anakohoa, anasema anakosa hewa au midomo inaanza kuvimba, basi kuendelea kuulaumu mgongo ni kupoteza dakika ambazo hazipo. Mtaalamu anatakiwa awe na wazo la pili tayari kichwani kabla hajalihitaji.

Mgonjwa aliyelazwa usingizi ana shida zaidi, kwani hawezi kusema kwamba mwili unamwasha au kifua kinambana. Amefunikwa mashuka ya kijani, uso na mkono mmoja tu ndivyo vinavyoonekana. Vitabu vingi vya tiba vinazungumzia ngozi kuwa nyekundu, maelezo yaliyoandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi. Anayetaka kuuona mzio kwa mgonjwa wa Dar es Salaam inambidi afunue shuka, apitishe kiganja tumboni na kwenye mapaja kutafuta mabaka yaliyoinuka na joto lisilo la kawaida, atazame kope na midomo. Na asisubiri ngozi ndipo aamini: katika uchunguzi ule wa Uingereza, dalili ya kwanza iliyotangulia nyingine zote mara nyingi ilikuwa presha kushuka, na wagonjwa wengi walianza kubadilika ndani ya dakika tano baada ya kuingiziwa dawa.

Historia ya dawa za usingizi inaonyesha kwamba wakati mwingine mhalifu si dawa, ni kinachoiyeyusha. Propofoli iligunduliwa katika maabara za kampuni ya Kiingereza ICI na timu iliyokuwa na daktari wa mifugo, Iain Glen. Dawa hiyo haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo katika majaribio ya miaka ya 1970 ilichanganywa na kiyeyushi kilichoitwa Cremophor. Wagonjwa wakapata mzio. Watafiti wangeweza kuitupa. Badala yake waliiunda upya katika mafuta ya soya na kiini cha yai, ikawa ule mchanganyiko mweupe kama maziwa unaojulikana leo, ukaingia sokoni Uingereza mwaka 1986. Dawa nyingine mbili za usingizi zilizotegemea kiyeyushi kilekile zilitoweka. Kwa sababu ya soya na yai wapo wagonjwa wanaoogopa propofoli kwa kuwa mayai huwakataa, lakini uzoefu wa miaka mingi umeonyesha kwamba walio wengi huivumilia bila tatizo. Walitaje tu, daktari aamue.

Kisa cha folkodini ni cha ajabu zaidi. Madaktari wa Norway waliona kuwa wagonjwa wao walikuwa wakipata mzio wa dawa za kulegeza misuli mara nyingi kuliko majirani zao wa Sweden, ilhali dawa za chumba cha upasuaji zilikuwa zilezile. Tofauti ilipatikana kwenye dawa ya kikohozi. Watu wa Norway walikuwa wakinywa sharubati yenye folkodini, watu wa Sweden hawakuwa nayo. Kipande cha kemikali kilichomo ndani ya folkodini kinafanana na kile kilichomo kwenye dawa za kulegeza misuli, hivyo mtu aliyejitibu mafua nyumbani alikuwa anaiandaa kinga yake kwa vita ya siku ya upasuaji. Norway iliiondoa sokoni mwaka 2007 na matukio yakapungua. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa pendekezo la Desemba 2022, na Uingereza na Australia mwaka 2023. Watafiti wa Ufaransa wamefuata njia hiyohiyo hadi kwenye saluni, wakapima damu za wasusi kwa sababu vipodozi vya nywele vina kemikali za ukoo huo. Hakuna haja ya mtu wa Ukonga kuikimbia saluni. Ila kisa hiki kinaonyesha kwa nini mtaalamu wa usingizi anapomuuliza mgonjwa kuhusu dawa za dukani, hata za kikohozi, anastahili kujibiwa kikamilifu.

Kwa upande wa pili, mengi yanayoitwa aleji siyo. Watanzania waliokua kabla ya mwaka 2001, klorokwini ilipoondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria, wanakumbuka ilivyowawasha mwili mzima hadi usingizi ukapotea. Wengi wao hadi leo wanajieleza kuwa wana aleji ya klorokwini, ingawa ule muwasho haukuwa mzio wa kuua. Metakelfin na Septrini, zenye salfa, ni habari nyingine: wapo waliobabuka ngozi kweli, na hao wanapaswa kuzikwepa maisha yao yote. Kwa daktari wa meno kuna lile la moyo kwenda mbio baada ya sindano ya ganzi. Mara nyingi hiyo ni adrenalini kidogo iliyochanganywa na lignokeini ili ganzi ikae, au ni hofu tu. Mzio wa kweli wa lignokeini ni wa nadra sana. Mgonjwa anayeandikiwa "aleji ya ganzi" kwa kosa hilo huishia kung'olewa jino kwa mateso au kulazwa usingizi mzito asiouhitaji.

Kuna pia vifo ambavyo neno aleji huvifunika. Mtu aliyechomwa dawa ya kutuliza kupita kiasi huacha kupumua. Ulimi huziba koo, oksijeni huisha, moyo husimama. Hatari hiyo katika kliniki ndogo isiyo na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, wala mtu ambaye kazi yake ni kumtazama mgonjwa peke yake, ni ya karibu zaidi kuliko mzio. Kuziita zote mbili kwa jina moja ni kuwanyima wahudumu nafasi ya kujifunza, maana dawa ya tatizo moja haitibu jingine.

Dawa ya mzio mkali ni adrenalini. Hili halina mjadala. Ampuli yake ni kichupa kidogo cha kioo cha rangi ya kahawia chenye mililita moja, ambayo ni miligramu moja ya dawa. Kwa mtu mzima, nusu ya kichupa hicho huchomwa kwenye msuli wa nje ya paja, na hurudiwa baada ya dakika tano kama hali haijabadilika. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Mtaalamu wa usingizi mwenye mashine za kufuatilia moyo anaweza kuipitisha kwenye mshipa kwa vipimo vidogo sana. Miguu huinuliwa, oksijeni hufunguliwa, maji ya dripu hukimbizwa kwa wingi. Namba ya juu ya presha ikianguka chini ya 50, Waingereza wanashauri kifua kianze kukandamizwa papo hapo, hata kama mapigo bado yanasikika kwa mbali.

Tatizo ni mazoea. Katika zahanati nyingi mtu akivimba au akiwashwa, mkono wa mhudumu huenda kwanza kwenye haidrokotisoni na Piriton. Dawa hizo zina nafasi yake, lakini Piriton haiinui presha, na haidrokotisoni inahitaji saa kadhaa kufanya kazi. Adrenalini inaogopwa kwa sababu inakimbiza moyo, na woga huo unaeleweka kwa mhudumu ambaye hajawahi kuichoma. Kisha kuna mambo madogo yanayoua: ampuli iko kabatini, kabati limefungwa, ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda kula. Au imewekwa dirishani na jua la Dar es Salaam limeiharibu, maana inataka baridi ya wastani na kivuli. Adrenalini ni ya bei nafuu na imo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. Kituo chochote kinachomchoma mtu sindano ya usingizi, au hata ya antibiotiki, hakina udhuru wa kutokuwa nayo kwenye trei iliyo wazi, hatua chache kutoka kitandani.

Hoja ya uhaba wa wataalamu ni ya kweli. Madaktari bingwa wa usingizi Tanzania hawafiki mmoja kwa kila watu 100,000, wakati mashirika ya kimataifa yanataka angalau watano kuwa mwanzo tu. Kazi kubwa hubebwa na wauguzi na maofisa tabibu waliosomea usingizi, wengine peke yao zamu nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet, uliowafuatilia wagonjwa 11,422 katika nchi 25 za Afrika, ulikuta kwamba Mwafrika ana uwezekano maradufu wa kufa baada ya upasuaji ukilinganisha na wastani wa dunia, na wengi hufa baada ya kutoka mezani, wakiwa wodini, pale ambapo macho yanayowatazama ni machache. Mzio pia hujitokeza wodini, dripu ya antibiotiki inapoanza.

Lakini uhaba hauelezi kila kitu, na Tanzania yenyewe ni shahidi. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kuijaribu karatasi yake ya maswali ya usalama wa upasuaji, lilichagua hospitali katika miji minane: London, Toronto, Seattle, Auckland, Manila, New Delhi, Amman na Ifakara, mkoani Morogoro. Karatasi ile ina mambo 19 tu. Mojawapo, linaloulizwa kabla ya mgonjwa kupewa usingizi, ni kama ana mzio unaojulikana. Jingine ni kama kipimo cha oksijeni kiko kidoleni na kinafanya kazi. Matokeo ya jumla ya hospitali hizo, yaliyochapishwa Januari 2009, yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Ifakara haikuwa na utajiri wa Seattle. Kilichohitajika ni watu kusimama nusu dakika na kuulizana kwa sauti.

Swali la mzio likiulizwa, nani anajibu? Mgonjwa wa zahanati nyingi za Dar es Salaam anatembea na daftari la shule aliloandikiwa na madaktari tofauti kwa hati tofauti. Likijaa ananunua jingine, na la zamani linabaki uvunguni au linafungiwa vitumbua. Mifumo ya kompyuta imeingia hospitali za serikali, lakini taarifa za kliniki binafsi ya Gongo la Mboto haziwezi kusomwa na Amana usiku wa dharura. Kwa hiyo mtu aliyenusurika miaka mitano iliyopita anaweza kudungwa dawa ileile tena, na hakuna anayejua isipokuwa yeye, ambaye kwa wakati huo hawezi kuongea.

Na hata aliyenusurika mara nyingi hajui alichonusurika nacho. Katika nchi zenye kliniki za mzio, damu huchukuliwa saa moja hadi nne baada ya tukio kupima tripteisi, kemikali inayothibitisha kuwa ulikuwa mzio kweli, kisha ngozi hupimwa kwa kila dawa iliyotumika, kwa kawaida wiki nne hadi sita baadaye. Kwa mgonjwa wa Ukonga vipimo hivyo haviko karibu. Lakini msingi wa uchunguzi hauhitaji maabara. Unahitaji karatasi yenye jina la kila kitu kilichoingia mwilini au kupakwa kwenye ngozi, na saa kilipotumika. Daktari wa upasuaji utakaofuata akiwa na orodha hiyo anaweza kuchagua dawa za ukoo mwingine. Akiambiwa tu "aleji ya nusu kaputi", anabaki kubahatisha.

Nchi pia inahitaji orodha hizo. Tanzania imekuwa mwanachama wa mpango wa kimataifa wa kufuatilia madhara ya dawa tangu mwaka 1993, na taarifa zake huungana na za dunia nzima huko Uppsala, Sweden. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi mwaka 2019, ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya uwezo wa kudhibiti dawa, Desemba 2018. Uwezo huo unalishwa na ile fomu ya njano ambayo wahudumu hutakiwa kuijaza. Mhudumu anayeogopa kuwa fomu itageuka ushahidi dhidi yake hataijaza, na hofu hiyo lazima iondolewe na wakuu wa vituo kwa vitendo: anayeripoti ashukuriwe, asihojiwe kama mshitakiwa. Norway isingeijua siri ya sharubati yake ya kikohozi kama madaktari wake wangenyamaza.

Kwa msomaji ambaye yeye au ndugu yake amewahi kuzidiwa baada ya sindano ya ganzi, ya usingizi au ya antibiotiki: rudi kwenye kituo hicho kabla kumbukumbu hazijapotea, uombe barua yenye majina ya dawa zote ulizopewa siku ile, dozi na saa, pamoja na yaliyotokea na ulivyotibiwa. Nakili majina hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa kila daftari jipya la matibabu, na kwa mjamzito kwenye kadi ya kliniki. Mpe nakala mtu unayeishi naye. Siku ya upasuaji, yataje mwenyewe kwa mtaalamu wa usingizi kabla hujapanda kitandani, hata kama hajakuuliza, na umuulize adrenalini iko wapi.